Tumbawe Jipya Limejikunja: Uliza Kwanza Limeingia Lini

Saa nne na nusu usiku simu ilitikisika mezani. Mtoto wa kaka yangu, aliyeanza tangi la maji ya chumvi mwaka huu hapa Muscat, alikuwa amenitumia picha tatu za kipande cha Euphyllia, tumbawe la minyiri mirefu, alichonunua jioni ile. Minyiri yote imeingia ndani, ukingo mweupe wa kiunzi unaonekana, ute unaning'inia kama makamasi. Chini ameandika: "Ami, ndiyo limekufa?" Nikamuuliza limeingia majini saa ngapi. Saa moja, akasema. Nikamwambia azime taa ya tangi akalale.

Asubuhi lilikuwa limefunguka nusu. Siku ya tatu limefunguka lote.

Tumbawe langu la kwanza kabisa sikulipa nafasi hiyo. Nililitoa mara tatu usiku mmoja, nikalichovya kwenye dawa ya wadudu mara mbili, nikalizungusha pembe zote nne za tangi, na siku ya nne lilikuwa limekufa kweli. Nililiua kwa kulihangaikia.

Matumbawe yana maneno machache ya kulalamikia. Hujikunja, hutoa ute, hupauka, huvuka nyama, yaani nyama hubanduka kwenye kiunzi. Basi. Sababu zinazojificha nyuma ya dalili hizo ni nyingi mno, na ukikodolea macho dalili peke yake utabaki unabahatisha. Muda ndio unaozichambua. Tumbawe lililojikunja saa mbili baada ya kuingia limechoka na safari. Likiwa bado limejikunja siku ya tano, tazama mwanga na mkondo. Likifunguka vizuri wiki mbili kisha likafunga, kuna mdudu, jirani, au maji yamebadilika. Kwa hiyo andika tarehe. Mimi naandika kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye kioo cha nyuma, jina na siku ya kuingia, na kero yote ya mke wangu kuhusu maandishi yale imeshindwa kunibadilisha.

Nani mwingine amejikunja?

Kabla ya kuligusa tumbawe jipya, simama nyuma utazame tangi zima. Hili ndilo swali linalookoa muda kuliko vipimo vyote.

Ikiwa matumbawe ya zamani nayo yamesinyaa, muache mgeni na uende kwenye maji. Pima kiwango cha chumvi, joto, ualkali (uwezo wa maji kuhimili asidi) na amonia, kwa mpangilio huo. Chumvi iwe karibu gramu 35 kwa lita, yaani uzito mahususi wa 1.025 hadi 1.026. Joto nyuzi 25 hadi 26. Na usikiamini chombo chako kwa macho: refraktometa, kile kifaa cha kupima chumvi, iliyosawazishwa kwa maji matupu inaweza kusoma vibaya kabisa pale kwenye 35, mahali unapoihitaji. Isawazishe kwa kimiminika maalumu cha 35. Nimeshaona tangi lililokuwa na chumvi 39 huku mwenyewe akiapa ni 35, na kila tumbawe aliloliingiza lilikufa kwa wiki moja.

Kosa la kawaida linaloleta hali hiyo ni kufidia maji yaliyokauka kwa maji ya chumvi. Yanayopanda hewani ni maji tu, chumvi inabaki. Unayorudisha yawe maji matamu yaliyochujwa hadi kipimo cha TDS, yaani vitu vilivyoyeyuka majini, kisome sifuri.

Vipimo vikiwa sawa na bado wote wamesinyaa, waulize watu wa nyumbani. Kuna aliyepuliza dawa ya mbu? Nyingi ya dawa hizo zimetengenezwa ziue wadudu, na kamba na kaa wa kwenye tangi ni ndugu zao wa karibu. Wao hufa kwanza, matumbawe hufuata kulalamika. Kuna aliyeingiza mkono wenye losheni? Kuna dawa ya samaki yenye shaba iliyotumika tangini humo, hata miezi iliyopita? Shaba hunata kwenye mawe na silikoni na hutoka polepole. Tangi lililowahi kutibiwa kwa shaba mimi siliwekei matumbawe. Kwa sumu nyingine, badilisha robo ya maji, weka mkaa wa kuchujia maji kwenye kichujio, na urudie kubadilisha kesho yake.

Ikiwa wazee wote wamefunguka wanapunga minyiri kwa raha na mgeni peke yake ndiye amenuna, endelea kusoma.

Saa za kwanza hadi siku ya pili

Kujikunja na kutoa ute katika muda huu ni kawaida. Fikiria limetoka wapi: mfuko wa plastiki, giza, joto la gari, maji yenye chumvi nyingine na ualkali mwingine. Huku Muscat wakati wa kiangazi dakika kumi za gari lililoegeshwa juani zinatosha kulipika, kwa hiyo ninabeba kisanduku cha povu hata kama duka liko karibu.

Linalofaa ni kuelea kwa mfuko dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane, kisha kumimina maji ya tangi kidogo kidogo kwa nusu saa. Wengi wanadondosha maji kwa mrija saa mbili au tatu wakidhani polepole zaidi ni salama zaidi. Kwa tumbawe lililosafiri usiku kucha sikubaliani. Ndoo inapoa, uchafu uliokusanyika mfukoni unabaki pamoja na mnyama, na mara mfuko unapofunguliwa hewa ya ukaa inatoka, pH inapanda, na amonia iliyokuwa haina makali inageuka sumu. Pima chumvi ya maji ya mfuko. Ikitofautiana sana na yako, kwa sababu kuna maduka huendesha matangi yao kwa chumvi ya chini, hapo nyoosha muda hadi saa moja. Maji ya mfuko yamwage, yasiingie tangini.

Dalili zinazokataza kusubiri katika saa hizi ni mbili tu. Ya kwanza ni harufu ya kuoza; tumbawe hai linanuka bahari, lililokufa utalijua kabla hujaliona. Ya pili ni nyama inayobanduka vipandevipande ukiisukuma kwa maji ya bomba la sindano. Hayo yakitokea, litoe, likae kwenye chombo peke yake.

Kuna na dalili ya tatu inayokuja siku ya pili, ambayo ni ya mkono wetu: tumbawe lililofunguka dukani, likachovywa dawa nyumbani, na kesho yake limekuwa kama karatasi. Hiyo ni dawa iliyozidi, ama kipimo ama dakika. Hakuna tiba zaidi ya maji safi, mkondo wa wastani na kivuli.

Weupe: limepauka au limevuka nyama?

Hapa ndipo watu wengi hukosea, na kosa lake ni ghali, kwa sababu weupe wa aina mbili unataka matendo mawili yanayopingana.

Sogeza uso karibu na kioo, taa nyeupe ikiwa imewaka. Ukiona nyama ipo, nyembamba na inayopitisha mwanga, polipi (vile vinywa vidogo vyenye minyiri) zipo na zinajikunja ukizipulizia maji, lakini rangi imekwenda, hilo limepauka. Ndani ya nyama ya tumbawe huishi mwani wadogo wasioonekana kwa macho, wanaotengeneza sukari kwa mwanga na kumlisha mwenyeji wao. Mwanga au joto likizidi, mwani hao huanza kuzalisha kemikali zinazomuunguza mwenyeji, naye huwafukuza. Rangi nyingi uliyoizoea ilikuwa yao. Tumbawe lililopauka liko hai lakini lina njaa.

Ukiona hakuna nyama, hakuna polipi, ni kiunzi kikavu chenye vishimo safi, na mpaka kati ya weupe na rangi umekatika kama umekatwa kwa wembe, hilo linavuka nyama. Sehemu nyeupe imeshakufa. Kazi yako ni kuokoa iliyobaki.

Tuanze na kupauka. Kukianza kati ya siku ya tatu na ya kumi, na upande wa juu umepauka kuliko wa chini, ni mwanga. Taa za LED zinadanganya macho: buluu yake haionekani kali kwetu lakini kwa tumbawe ni jua la saa saba. Wanaopima mwanga kwa PAR, kipimo cha mwanga ambao mimea huutumia, wanaweka matumbawe laini kama Sarcophyton na yale yaitwayo uyoga kwenye 50 hadi 150, yale ya polipi kubwa kama Euphyllia kwenye 75 hadi 150, na yale magumu ya matawi kama Acropora 200 hadi 350. Ukiwa huna kipimo, weka kila mgeni mchangani kwa wiki mbili, hata Acropora, kisha mpandishe ngazi moja kwa wiki. Au acha kipande mahali pake na ushushe taa hadi nusu, halafu ongeza kidogo kila wiki.

Limeshapauka? Literemshe kivulini mara moja tu, usilipeleke huku na huko. Lilishe. Euphyllia na Duncanopsammia, naye wa polipi kubwa, hula vipande vidogo vya kamba au samaki mbichi vilivyokatwa kama punje ya mchele, mara mbili kwa wiki, pampu zikiwa zimezimwa. Rangi inarudi kwa wiki sita, nane, wakati mwingine zaidi.

Ikiwa kupauka kumekuja polepole, kwa mwezi, tumbawe lote kwa usawa na si juu tu, pima naitreti na fosfeti. Wapya tunapenda maji "safi," na kifaa kikisoma sifuri tunafurahi. Matumbawe hayafurahi. Mwani wale wa ndani wanahitaji mbolea kidogo kama mmea wowote. Mimi naendesha tangi langu kwenye naitreti 5 hadi 10 na fosfeti karibu 0.05, na nilipoziacha zikagusa sifuri nilipata matumbawe meupe pamoja na ule ute wa kahawia wenye mapovu unaotanda mchangani, ambao kuuondoa kulinichukua miezi. Dawa ni kulisha samaki zaidi na kupunguza kasi ya skima, ile mashine inayotoa uchafu majini kwa povu.

Kugeuka kahawia ni kinyume chake: mwani wamezidi, kwa sababu mwanga ni mdogo au mbolea ni nyingi. Haliui. Lisikuondolee usingizi.

Nyama inayovuka, na ncha zilizoungua

Hapa Acropora na jamaa zake ndio wahanga wakuu. Nyama huanza kuvuka kwenye kitako ikipanda juu, au mahali kipande kilipokatwa. Kuna inayokwenda milimita moja kwa siku, na kuna inayomaliza tawi zima kati ya asubuhi na jioni.

Kwa kipande kipya, mtuhumiwa wangu wa kwanza ni ualkali. Maji ya bahari yana karibu dKH 7, dKH ikiwa kipimo cha ualkali. Duka linaweza kuendesha 8, na rafiki aliyekukatia kipande akaendesha 11. Kipande kimejenga maisha yake kwenye 11, unakitia kwenye 7.5, na baada ya siku nne au tano nyama inaanza kuachia. Muulize aliyekuuzia namba yake kabla hujalipa. Asiyeijua namba yake amekujibu tayari. Huwezi kuendesha tangi kwa namba ya kila mgeni, kwa hiyo chagua ya kwako, 8 kwa mfano, uishikilie isiyumbe. Ikihitaji kusahihishwa, isisogee zaidi ya dKH 1 kwa siku. Kalisi 400 hadi 450 na magnesi karibu 1,300 miligramu kwa lita zinafuata nyuma. Zikiyumba kidogo hakuna anayekufa wiki hiyo.

Ncha nyeupe zilizoungua, na tawi lililobaki ni zima, kwa kawaida ni ualkali wa juu, 10 au 11, kwenye maji yenye naitreti na fosfeti kidogo mno. Kiunzi kinakua haraka kuliko nyama inavyoweza kukifunika. Shusha ualkali polepole. Usichanganye na ncha nyeupe za ukuaji, ambazo zina polipi ndogo juu yake na zinapendeza.

Nyama ikivuka kwa kasi usisubiri majibu ya maabara. Chukua koleo kali, kata sentimita moja juu ya mpaka, ndani ya sehemu yenye rangi kamili, chovya kilichokatwa kwenye iodini ya akwaria kwa kipimo cha chupa, kibandike kwa gundi nzito ya haraka kwenye kitako kipya, yaani kile kidude kinachoshikilia kipande, kiweke upande mwingine wa tangi. Sehemu iliyokufa itoe. Inauma kukata tawi ulilolinunua kwa pesa nzuri, lakini nimekata mara sita na kuokoa vipande vinne. Niliposubiri sikuokoa hata kimoja.

Uteute wa kahawia

Huu una kichwa chake peke yake kwa sababu unaambukiza. Kwenye Euphyllia utaona donge la utelezi wa kahawia, kama uji wa ulezi uliomwagika juu ya kichwa kimoja, nalo linanuka vibaya. Ndani yake mmejaa bakteria na viumbe wa seli moja wanaokula nyama. Huanzia kwenye jeraha: kiunzi kilichogongwa njiani, kichwa kilichokatwa karibu mno na nyama, mkondo uliopasua nyama kwenye ukingo mkali.

Zima pampu zote kabla ya kufanya lolote. Ukilipuliza donge hilo ndani ya tangi umelisambaza kwa majirani. Linyonye kwa mrija hadi ndoo, kisha litoe tumbawe, livunje au ulikate kichwa kilichougua na kile kinachokigusa, chovya kinachobaki kwenye iodini, na kama una tangi la pembeni kiache huko wiki mbili. Donge likirudi kesho yake, kata tena bila huruma.

Wiki ya pili na kuendelea: wageni wa mgeni

Tumbawe lililofunguka kwa raha siku kumi halafu likaanza kufunga polipi upande mmoja, likaonyesha madoa madogo ya duara yaliyofifia, au kingo zake zikawa nyeupe kama zimeguguliwa, linaliwa. Zima taa, subiri saa moja, njoo na tochi. Wengi wao ni wafanyakazi wa usiku.

Acropora ina minyoo bapa wanaofanana nayo rangi hivi kwamba unaweza kumtazama mnyoo usimwone. Alama zake ni yale madoa ya kuumwa, na mayai ya rangi ya dhahabu yaliyopangwa kwenye kiunzi kitupu karibu na kitako. Montipora, tumbawe gumu jingine, ina konokono wasio na kombe, weupe, wa milimita chache, wanaojificha chini na kula kingo. Konokono wa namna hiyo wanaokula Zoanthus, polipi laini zinazotanda mawe kama mkeka, huchukua rangi ya walichokula, wakawa kama polipi iliyofunga. Utawagundua kwa mayai yaliyoviringishwa kama kitanzi chini ya polipi. Kuna pia konokono wenye kombe bapa lenye mistari ya kuzunguka, wazuri kweli kwa macho, nao wanakula Zoanthus.

Dawa ya kuchovya inaua wakubwa. Haiuwi mayai. Sentensi hiyo ningeichapa kwenye kila chupa. Kuchovya mara moja siku ya kwanza na kulala usingizi ni kujidanganya, maana mayai yataanguliwa baada ya wiki moja, mbili au tatu kutegemea joto, ndani ya tangi lako kubwa, penye matumbawe yako yote.

Ninavyofanya mimi: ndoo ya kwanza ina lita mbili za maji ya tangi na dawa kwa kipimo cha chupa, dakika tano hadi kumi, huku nikilipulizia tumbawe kwa bomba la sindano kila pembe. Namwaga maji yale kwenye sinia jeupe kuona waliodondoka ni akina nani. Ndoo ya pili na ya tatu ni za kusuuzia. Halafu, na hili ni muhimu kuliko dawa yenyewe, nakitupa kitako lilichokuja nacho. Mayai, mwani wabaya na anemoni wadogo wote wanaishi pale. Sehemu za kiunzi kitupu nazisugua kwa mswaki. Kisha kipande kinakaa kwenye tangi la karantini la lita 40, lenye taa ndogo, hita, pampu na jiwe moja, kwa wiki sita, na nakichovya tena kila siku tano hadi saba. Tangi hilo halijaonja shaba.

Wengi wananiambia hawana nafasi ya tangi la pili. Nawaelewa. Basi angalau badilisha kitako, chovya, na usinunue jipya lingine mpaka miezi miwili ipite.

Kipengele cha hatari kwako wewe: Zoanthus na hasa Palythoa wengine wana palitoksini, moja ya sumu kali kuliko zote zinazojulikana katika viumbe. Vaa glavu na miwani unapowakata au kuwasugua, usiwakamue, usiwachemshe kwa hali yoyote, wala usilimwagie maji ya moto jiwe lenye polipi hizo ili kulisafisha. Mvuke wake umewahi kuwalaza watu hospitalini nyumba nzima.

Wawili zaidi wanaokuja na mgeni. Aiptasia ni anemoni mdogo wa kahawia, umbo la kimnazi, anayechoma kila kinachomgusa. Ukimponda, vipande vyake vinaota wapya. Mfunike kwa gundi, au mchome kwa uji mzito wa haidroksaidi ya kalisi ya akwaria, ndugu safi wa chokaa ya tambuu, pampu zikiwa zimezimwa. Wa pili ni konokono wanaojenga vijirija vigumu na kutupa nyuzi za ute kama utando wa buibui. Nyuzi zikiangukia tumbawe, polipi hazifunguki. Vunja mrija, ziba tundu kwa gundi, rudia kwa waliobaki.

Majirani

Mgeni yu mzima lakini aliye pembeni yake ameanza kuvuka nyama upande mmoja tu, ule unaoelekea kwa mgeni. Hiyo ni vita. Euphyllia na zaidi yake Galaxea hutoa usiku minyiri mirefu ya kupigania ambayo mchana huioni. Acha sentimita 15 kati yao na mwingine yeyote. Galaxea mpe zaidi, na mweke mahali ambapo mkondo haupitishi minyiri yake kwa wengine. Matumbawe laini ya ngozi hayana minyiri ya kupigania lakini yanatoa kemikali majini, na ndiyo maana Acropora anaweza kugoma kufunguka kwenye tangi lililojaa Sarcophyton. Mkaa wa kuchujia maji, ukibadilishwa kila mwezi, unasaidia.

Samaki pia. Kaa mbele ya tangi dakika ishirini bila kusogea, wakuzoee. Utamwona anayedonoa.

Mkondo unasomeka kwa macho: minyiri ya Euphyllia ikivutwa upande mmoja muda wote kama bendera ya jahazi, umezidi. Ikiyumba kwenda na kurudi, umepata. Uchafu ukitulia juu ya Acropora, ni mdogo.

Inayoonekana kama ugonjwa

Sarcophyton akifunga polipi zote, akang'aa kama amepakwa nta na kubaki hivyo siku tano au hata wiki mbili, anavua ngozi. Mwongezee mkondo kidogo umwache. Goniopora kuvimba asubuhi na kunywea jioni ni tabia yake. Nyuzi za kahawia zinazotoka mdomoni mwa Euphyllia siku za mwanzo ni mwani anaowatema na mabaki ya chakula. Ukiona mdomo umeachama na nyuzi nyeupe za tumbo zimetoka nje siku nzima, hapo ndipo uwe na wasiwasi.

Kwa mlioko Dar, Mombasa na Unguja

Hapa tunashindana na kiyoyozi: nyumba iliyofungwa madirisha hujaa hewa ya ukaa, pH ya tangi ikashuka hadi 7.8 bila kosa lolote la maji. Mrija wa hewa wa skima ukichungulia nje ya dirisha inapanda. Kwenu adui ni joto na umeme. Tangi la nyuzi 30 linaweza kuonekana sawa wiki mbili kisha kila kitu kikapauka pamoja, kwa njia ileile iliyopausha na kuua matumbawe mengi ya Kenya na Tanzania mwaka 1998. Feni inayopuliza juu ya maji hushusha nyuzi 2 au 3, kwa gharama ya maji mengi kukauka, kwa hiyo ndoo ya maji matamu isikauke. Umeme ukikatika, cha kwanza kuhudumia ni mzunguko wa maji. Pampu ndogo ya hewa ya betri inatosha usiku mmoja. Taa isubiri.

Kama unachota maji baharini, chota maji yanapojaa, mbali na bandari na mito, na uache siku kadhaa baada ya mvua kubwa za masika, kwa kuwa chumvi yake inakuwa imeshuka.

Na vipande usivichote huko. Ndani ya hifadhi kama Mafia au Watamu kuvunja tumbawe ni kosa, na matumbawe yote magumu yako kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo hata la dukani linalovuka mpaka linataka karatasi. Omba kuziona. Zaidi ya hapo, kipande kilichooteshwa ndani ya tangi la mtu kimeshazoea taa, chumvi na mikono ya binadamu, na kwa hesabu yangu mwenyewe humaliza salama ile wiki ya kwanza mara nyingi zaidi kuliko kilichotoka mwambani juzi.

Likifa

Kichwa cha Euphyllia kikishavuka nyama yote, kitoe, kitachafua maji. Lakini kwa matumbawe ya polipi kubwa yenye kiunzi kizito, Caulastraea na Duncanopsammia, chunguza ndani ya mashimo kabla ya kutupa. Pakiwa na doa la nyama, hata la ukubwa wa punje ya ufuta, weka kiunzi kivulini penye mkondo mdogo na ukisahau. Ninacho kimoja nilichokitupa nyuma ya jiwe mwezi wa pili, kikiwa cheupe chote. Mwezi wa sita nilikuwa nasafisha pampu nikaona vichwa viwili vya kijani vimetoka, kila kimoja na ukubwa wa ukucha, vikipunga.